Fundo la Mizunguko Saba

Mabawa, Tanga
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Kombo,

Nakuandikia nawe uko ng'ambo ya ukuta, nakusikia unavyolifungua sanduku na kulifunga tena. Mtu akituona atatucheka. Baba ana ulimi, mwana ana masikio, kati yao pana ukuta wa udongo tu, na baba amekaa anachovya kalamu. Niache nichovye. Kuna jambo nimetaka kukwambia kwa mdomo mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umenunua dawa ya viatu.

Ya dawa ya viatu, ya chandarua, ya kutokula njiani kwa watu usiowajua, mamako keshakwambia ya kutosha, na tangu adhuhuri anahangaika na lile shati jeupe utakalovaa kesho stesheni. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii nitaiweka juu ya shati. Isome kabla hujalivaa.

Mtaa mzima unakupongeza. Tangu ile barua ya ofisi ya simu ifike, kwamba umechaguliwa kwenda Nairobi kufundishwa kazi ya ubao wa kuunganishia simu, kila apitaye barazani ananiambia mwanao kaokoka. Kaokoka na nini, sijui. Mimi nimeitumikia simu miaka ishirini na minne. Nimepanda nguzo zake kutoka hapa hadi Pangani, na kutoka hapa hadi Maramba, nikiwa na koleo kiunoni na ngazi begani, na sijamwona aliyeokoka. Nimewaona walionenepa.

Lakini sitaki uende ukidhani babako ni mzee mwenye nyongo anayetukana chungu alichopikiwa. Nikianza na mazuri nitamaliza upesi, basi na tuanze nayo.

Kaki ni tamu. Siku niliyopewa ile ya kwanza nilizunguka Ngamiani nzima bila shughuli yoyote, natafuta tu mtu wa kuniona. Wasichana waliokuwa wakinipita kama nguzo walianza kunisalimu. Mamako alikuwa mmoja wao, ingawa ukimuuliza atakana. Na vijijini, ukifika na ngazi yako, unaitwa bwana simu, unaangushiwa dafu, unakuniwa nazi ya wali. Nilikuwa kijana, nikadhani wananiheshimu mimi. Kumbe walikuwa wakiuheshimu waya, kwa kuwa waya ndio ulioleta habari za vifo na za kodi.

Na kuna jingine, hili sitalitemea mate hata nikiwa na hasira. Ukishatengeneza palipoharibika, unakaa juu ya nguzo, unatundika simu yako ya mkono kwenye waya, unazungusha, unasema, "Tanga, unanisikia?" Chini yako katani tupu mpaka macho yanachoka, jua linakuchoma kisogo, hakuna mtu. Halafu mtu aliye mjini, maili ishirini na zaidi, anasema polepole sikioni mwako, "Nakusikia." Nilikuwa nikifurahi kila mara. Miaka ishirini na minne, kila mara. Mazuri yamekwisha.

Mabaya watu hudhani ni wazungu. Wazungu wana sehemu yao, sikatai. Ofisi yetu ina vyoo vitatu, cha wao, cha Wahindi na cha kwetu, na cha kwetu ndicho kisicho na mlango. Mimi mtu mzima mwenye mvi na mke na mwana, nimeitwa "boi" na kijana ambaye hata kupanda ngazi ya nyumba anashika ukuta. Kuna kitabu cha makosa ambamo jina lako huandikwa wino mwekundu ukichelewa, ukijibu, ukikohoa wakati mkubwa anasema. Masika ikikata waya usiku, anayetolewa kitandani ni mimi, na anayeandikwa kwenye ripoti kwamba ameshughulika sana ni aliyelala. Hayo utayazoea. Mtu huzoea hata harufu ya katani inayooza.

Ubaya wenyewe ni sisi. Kazi ile inamchukua mtu wa kawaida, aliyelelewa vizuri na mamaye, inamfundisha kidogo kidogo kuogopa kalamu kuliko anavyomwogopa Mungu. Wewe unakwenda kuwa mtu wa ubao, utakaa ndani chini ya feni, basi nikutajie mmoja wa ubao niliyemjua. Tulimwita Masikio. Kazi yake kuunganisha watu waseme, na wakishaunganika yeye anabaki humo humo, kimya, anasikiliza. Alijua nani anauza shamba, nani kamkimbia mkewe, meneja gani wa katani kalewa na kamtukana nani. Jioni alizitoa siri hizo sokoni kwa sahani ya halua na kahawa. Hakuwahi kuona haya. Alivaa tai, na watoto wa mtaani walimwamkia, na kila mwaka ofisi iliandika kwamba ni mtumishi mwaminifu.

Na yule Mzee Feruzi unamjua mwenyewe, jirani yetu wa nyuma. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, wakapiga makofi, wakamwambia ufunguo wa saa umepotea, arudi wiki ijayo. Miaka sita sasa. Saa imetundikwa ukutani kwake, inasema saa kumi na dakika kumi, na yeye kila asubuhi anaifuta vumbi. Nilimwambia aitupe. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. Huyo ndiye mtu ambaye kazi ile humtengeneza, Kombo, mtu anayefuta vumbi saa iliyokufa na kushukuru.

Unacheka. Usiwacheke, maana mimi niliwacheka wote wawili, na nilikuwa mbaya kuliko wao.

Sasa nakuja kwa mjombako Mgaza.

Najua umekunja uso. Idi iliyopita alikunyoshea mkono hapa hapa barazani, nawe ukainama ukajitia unafunga ukanda wa kiatu mpaka akaurudisha mkono wake mwenyewe. Niliona. Mamako aliona pia, akaingia ndani. Sikukukemea, na usidhani ni kwa upole. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulikuwa ukimdharau mtu kwa maneno ambayo mimi ndiye niliyekufundisha.

Kabla sijapanda nguzo hata moja ya simu nilikuwa naogopa kupanda mpera. Ofisi ilitupa vyuma vya kufunga miguuni, na siku ya kwanza niliteleza nikachubuka kifua chote. Aliyenifundisha kupanda ni Mgaza. Yeye ni mkwezi, unajua, Kigombe yote minazi yake imempitia miguuni. Alinipandisha mnazi na kipande cha kamba tu, akiwa chini yangu, akiniwekea mguu wangu mahali pake kwa mkono wake. Alisema mtu haanguki kwa sababu ya mti, huanguka kwa sababu ya kujitazama. Nilifuata maneno hayo nikawa fundi, tena fundi mzuri. Sikuanguka hata mara moja. Kujitazama nilikuja kujifunza baadaye, chini, ardhini.

Sasa nikueleze jambo la kazi, maana bila hilo hutaelewa. Waya wa simu ukikatika, unachukua ncha mbili, unazisokota moja juu ya mwenzake. Kitabu cha kazi kinasema mizunguko mitano. Mafundi wote hufunga mitano. Masika yangu ya kwanza fundo langu la mitano liliachia karibu na Tongoni, nikaandikwa wino mwekundu, na tangu siku ile nikafunga saba, na ncha nikaikunja ndani isimchome mtu mkono. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo katika njia yote ya Pangani. Wenzangu wawili niliokuwa nao kwenye kundi walilijua fundo langu kama walivyoijua sauti yangu, na walinitania nalo, kwamba mimi ni bahili wa maneno lakini mkarimu wa waya.

Na jambo la pili. Ukishatengeneza, hubaki vipande, urefu wa mkono, urefu wa pima moja au mbili. Kitabu kilisema vipande vyote virudi ofisini vikapimwe. Hakuna aliyevirudisha. Tuliwagawia watu wa njiani, waliotuangushia madafu, waliotupa mahali pa kulaza ngazi. Huyu kafungia ndoo, yule kafungia mlango wa banda la kuku. Mnyapara alijua, karani wa stoo alijua, na nina hakika hata Inspekta alijua. Ndivyo kazi ilivyokwenda.

Ilikuwa mwaka ule baada ya vita, wewe una miaka saba. Mke wa Mgaza alijifungua masika, mvua haikatiki, nguo za mtoto hazikauki, zinanuka ukungu, na kamba ya kumbi waliyokuwa nayo imeoza. Nilipita na ngazi yangu. Nilikuwa na vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja kifupi kwa kazi hiyo. Nikaviunga, mizunguko saba, ncha ndani isichane nguo, nikauvuta kutoka mnazi mpaka nguzo ya jiko chini ya upenu. Mchana kweupe. Mkewe alinipikia wali na papa wa nazi, nikala, nikaenda zangu nikijisifu.

Hazikupita wiki sita, waya ulitoweka kati ya Kigombe na Pangani, nguzo nne mfululizo, waya wote. Pangani ikawa bubu siku mbili. Basi wakubwa wakapandwa na wazimu. Tulikuwa na Inspekta mmoja tuliyempa jina Bwana Kipenga, kwa sababu alituita kwa kipenga kama mbwa wa kuwindia, nasi tukawa tunakimbia kama mbwa wa kuwindia. Alikuja mwenyewe na askari watatu, wakapekua nyumba zote zilizo kando ya njia, sisi mafundi tukifuata nyuma ili kuutambua waya.

Kwa Mgaza waliukuta unameremeta juani, na nepi sita juu yake.

Yeye alikuwa ametoka kukwea, ana panga kiunoni. Aliponiona aliona mambo yamekwisha, akatabasamu, akasema karibu shemegi. Alidhani nimekuja kueleza. Nami nilikuja nikidhani hivyo, Kombo, naapa. Nilikuwa na maneno tayari kinywani. Bwana Kipenga akaushika waya, akanivuta kando kama mtu anayemshauri mwenzake. Miaka yote hiyo hakuwahi kunishauri jambo, na moyo wangu, kile kitu cha kipumbavu, ukafurahi.

Akauliza, "Huu waya wetu?"

Nikasema ni wetu, bwana. Akaweka kidole juu ya fundo.

"Na hili? Fundi wetu amefunga hili?"

Kugawa vipande ni kosa la kufukuzwa, iliandikwa kitabuni. Na wiki ile ile karani alikuwa ameninong'oneza kwamba nitafanywa mnyapara. Nililitazama fundo langu. Nikalihesabu kwa sauti, mzunguko mmoja mmoja, mpaka saba, wenzangu wawili wakiangalia vidole vya miguu yao, na Mgaza akiniangalia mimi.

Nikasema, "Hapana, bwana. Fundi wetu hufunga mitano."

Na ona uzuri wa kazi ile, mwanangu. Sikusema uongo hata kidogo. Kitabu kinasema mitano. Ukitaka kumuuza mtu, simu itakupa kitabu cha kumuuzia, na utalala bila kuota. Masikio aliuza siri kwa halua. Mimi nilimuuza shemegi yangu kwa kofia ya unyapara, mbele ya mkewe aliyekaa kizingitini ananyonyesha, na nepi za mwanawe zimeanikwa juu ya kazi ya mkono wangu.

Wakamuuliza Mgaza kaupata wapi waya. Alikuwa na haki ya kuninyoshea kidole, na lau angeninyoshea angeaminiwa, maana askari mmoja alikuwa mtu wa Kigombe na alikuwa ameanza kunitupia jicho. Mgaza alinitazama.

Akasema, "Niliuokota."

Miezi sita. Alilimishwa magugu na kupasulishwa mawe. Minazi yake ikakwewa na wengine. Mkewe akarudi kwao na mtoto, akaja kurejea baadaye amekonda. Mwezi uliofuata mimi nikavikwa kofia, na watu wakaja hapa barazani kunipongeza, kama wanavyokuja sasa kukupongeza wewe. Wenzangu wawili pia walikuja, wakala biriani yangu. Hawakusema neno, si siku ile, si baadaye, na mimi niliwaandikia ripoti nzuri kila mwaka.

Usidhani yameishia hapo. Mgaza akiwa bado ndani, nilitumwa kwenye shamba moja la katani kutengeneza simu ya meneja. Waya wake wa ndani ulikuwa umeliwa na panya. Nikaingia stoo kutafuta msumari, nikaukuta waya wetu. Umeviringwa vizuri, nguzo nne kamili, na mafundo yangu mawili humo, saba saba. Lori lao lililobeba magogo liliung'oa njiani, na msimamizi wao akauviringa akautia stoo. Hakuna aliyeiba. Nikakimbia kwa Bwana Kipenga, nilikimbia kweli, nikidhani Mungu kanifungulia mlango. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bwana meneja ni rafiki yake, wanacheza tenisi, na mambo ya mahakama hayarudishwi nyuma kwa sababu ya mtu mmoja, na je, mafundo hayo nimeyatambuaje kuwa ni yetu, ikiwa fundi wetu hufunga mitano?

Nikasema ndiyo, bwana. Nikatoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami niliubeba wa Mgaza kwa wepesi huo huo. Yule Bwana Kipenga nimemchukia miaka kumi, na kila nikimchukia najua namchukia kwa sababu alinihesabia sawasawa.

Nawe shuleni wakawa wanakuita mpwa wa mwizi. Ulirudi siku moja mdomo umepasuka, ukaniuliza kwa nini mjomba aliiba. Hapo ndipo ningeweza kukwambia. Ulikuwa mdogo, ungesamehe, watoto husamehe kabla ya chakula cha jioni. Nikakwambia, "Soma, usije ukawa kama yeye." Nilisema hivyo nikiwa nimevaa ile kofia. Ulisoma, mwanangu. Ulisoma kweli kweli, ili usije ukawa kama mtu aliyenyamaza ili wewe upate kula.

Halafu ikaja ile fomu ya kuombea kazi. Uliileta kwangu palipoandikwa kama kuna mtu wa ukoo wako aliyewahi kufungwa. Ukauliza tuandike nini. Nilikwambia andika hakuna. Ukaandika, kwa mwandiko wako ule mzuri, ukasema, "Na kweli, baba. Mimi yule simhesabu." Nilitazama wino ukikauka. Umri wako ni kama wangu nilipopewa kaki, bado hata kizingiti cha ofisi hujakivuka, na tayari ulikuwa umejua kuhesabu kama mimi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Jumapili iliyopita nilikwambia nakwenda kukagua nguzo. Nilikwenda Kigombe. Nilimkuta Mgaza anafua nazi, kile chuma kimesimama ardhini, na yeye ameinama juu yake, kiuno bado kigumu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya dini na ya udugu. Nikaanza. Hakusimamisha mikono. Nilipofika kwenye fundo alisema, "Shemegi, nguo zilikauka." Nikadhani hajaelewa, nikaanza upya. Akatupa nazi kwenye rundo.

"Mimi nilijua siku ile ile," akasema, "kwa hiyo huna la kunipa. Asiyejua ni mwanao. Mwambie yeye."

Hilo tu. Akanipa kikombe cha maji nikanywa, na nikarudi zangu.

Ndiyo hii barua. Kama inakuchukiza, imekuchukiza mahali pake. Mamako sijui kama anajua. Huenda anajua, na amenipikia miaka yote hii akijua. Sijathubutu kumuuliza, na wewe usimuulize leo, ana pasi ya moto mkononi.

Sitakudanganya kwamba Jumatatu nitakwenda ofisini nikawaambie fundo ni langu. Nimebakiwa na mwaka mmoja na nusu nistaafu, na bado ninaogopa. Kila asubuhi naondoka hapa na ujasiri, nikifika pale mlangoni unakuwa umebaki njiani. Ni aibu baba kumwomba mwanawe ushujaa asiokuwa nao yeye. Basi nina aibu, na nakuomba.

Sikiliza. Kwa watu wa kwetu mpwa hatoki safari ndefu bila maji ya mjomba. Unajua inavyofanywa, uliona kwa wenzio: mjomba hujaza maji kinywani, mpwa hufungua kifua, mjomba humpulizia maji kifuani na kumwombea. Mashehe wengine wanaguna, waache wagune. Wewe hukuuliza habari ya maji, nami nilijua kwa nini. Lakini Mgaza amekuja mjini tangu jana. Amekataa kulala kwetu, yuko kwa binamu yake Makorora. Alimwambia mamako hataki kukutia haya mbele ya wenzio, ila atakuwepo stesheni, kwa mbali, iwapo utamhitaji.

Kesho utamkuta kule mwisho, penye marobota ya katani. Atakuwa amevaa kanzu yake ile moja, na chupa ya maji mkononi. Hatakuita. Wewe utakuwa umesimama na mzungu wa ofisi anayegawa tiketi, na wale vijana wenzio wawili wenye tai, na kila mmoja anataka kuonekana ametoka nyumba safi. Treni haingoji, na hakuna atakayekukumbusha.

Mwite. Usimpungie mkono wa kificho. Mwite "Mjomba" kwa sauti ya mtu anayeita pantoni ng'ambo ya mto Pangani. Akija mwamkie shikamoo, ushike ule mkono uliouacha hewani siku ya Idi, kisha fungua vifungo vya shati analolipiga pasi mamako, vyote, akupulizie maji yake. Litaloa. Wenzio watacheka. Mzungu atauliza huyu ni nani, na hapo mwambie, kwa Kiingereza chako kile kizuri, kwamba huyu ni kaka wa mama yako na ndiye mtu wa ukoo wako aliyewahi kufungwa.

Huenda ukarudishwa nyumbani kwa neno hilo. Huenda mzungu asielewe lolote, akakutazama kifua na kuangalia saa yake. Sijui. Ningekuwa najua watu wale watafanya nini, nisingekuwa hivi nilivyo.

Na ukitaka kupita kama humwoni, unaweza. Hakuna atakayekushika. Mimi nitakuwa nimesimama pale pale, nitapunga mkono treni ikiondoka, nitampeleka mamako nyumbani, na watu wataendelea kunipongeza. Ila nitajua kwamba ofisi ya simu haikukosea ilipokuchagua, na kwamba huko Nairobi hawana kitu cha kukufundisha.

Babako,
Mbwana Kombo